Gaidi wa Kila Mwaka

Watoto wa mtaani kwao walimwamkia "Shikamoo, Gaidi," naye akawajibu "Marahaba, wanangu," na hakuna aliyeona ajabu. Mwenye duka alimwita Gaidi. Fundi viatu alimwita Gaidi. Mkewe naye alimwita Gaidi akikasirika, ila yeye alimaanisha. Jina lenyewe lilitokana na kazi. Kila mwaka kikosi cha polisi cha kupambana na ugaidi kilifanya zoezi kubwa, zoezi lilihitaji gaidi, na tangu kikosi kianzishwe gaidi alikuwa yeye.

Ujanani alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Wenzake walipewa ufalme na mapenzi. Yeye, kwa sababu ya nyusi zake, alipewa wizi na uchawi. Siku moja kamanda wa kikosi, ambacho wakati huo kilikuwa kipya hata sare hazijawatosha, alikuja kutazama mchezo, akamwona akitoroka jela kwa sauti ya kutikisa mabati, akamfuata nyuma ya pazia.

"Unaweza kuteka ndege?"

"Ndege gani?"

"Viti vya plastiki. Tutavipanga."

Akakubali, maana jukwaani hakuwa amewahi kupewa nafasi kubwa kuliko hiyo.

Ugaidi nao una mitindo yake, kama suruali. Miaka ile ya mwanzo gaidi alikuwa msomi. Alivaa bereti na miwani myeusi, na kabla hajamtisha mtu yeyote alisoma tamko refu kuhusu ubeberu. Babu Gaidi, ambaye siku hizo hakuwa babu wa mtu, alilikariri tamko zima, na abiria wake, makarani wa polisi walioazimwa kwa siku moja, walikuwa wameshasinzia kabla hajafika kwenye madai. Alidai wafungwa waachiwe, ndege ijazwe mafuta, na mkate uletwe. Nje alikaa Mpatanishi, askari mtu mzima mwenye kipaza sauti na subira ya punda, akiuliza, "Ndugu yangu, umekula lakini?" Walizungumza mchana kutwa. Mwaka mwingine gaidi alikufa, mwaka mwingine alitoka mikono juu, akaambiwa "Lala chini, hutadhurika," akalala, akatiwa pingu, halafu yeye na Mpatanishi wakaenda kunywa chai.

Baadaye akawa mtu wa bomu la kwenye bahasha, nafasi isiyo na neno hata moja la kusema, akanung'unika. Kisha akawa mwenye gari lililoegeshwa nje ya ubalozi. Kila nchi fulani ilipopigwa, baada ya miezi michache alifika mtaalamu kutoka huko na picha zake na somo lake, kwa kuwa mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Wote walimfundisha Babu kuwa gaidi wa msiba wa juzi. Wa kumfundisha gaidi wa kesho hakutokea.

Mwaka mmoja zoezi liliahirishwa kabisa. Kundi alilokuwa ameandaliwa kuliigiza, ambalo redio ililiita la magaidi tangu yeye hajaoa, lilikuwa limeshinda uchaguzi kwao, na kiongozi wake alikuwa anakuja kwa ziara rasmi. Askari walewale waliokuwa wamfyatulie Babu wakapangwa barabarani kumpigia mgeni saluti. Babu naye alijipanga kando na kibendera, amevaa bereti yake ya kazini kwa sababu jua lilikuwa kali. Gari la mgeni lilipopita, mgeni aliiona ile bereti, akageuka mzima mzima kumpungia.

Halafu ndege zenyewe zikafanywa mabomu huko mbali, dunia yote ikatazama, na baada ya hapo ikaja mikanda ya mabomu ya kujifunga kiunoni. Gaidi wa mkanda hadai kitu. Hana tamko, na mkate wako hautaki. Mpatanishi alistaafishwa, kipaza sauti chake kikapewa timu ya mpira ya polisi, na kitabu cha mafunzo kikachapishwa upya, chembamba kuliko cha kwanza.

Mtaalamu wa mwaka ule alikuwa mtu mpole aliyepungukiwa vidole viwili, na hakuna aliyemuuliza vilikokwenda. Alimfundisha Babu hivi: toka mikono juu, lia, omba maji, ngoja vijana wakusogelee, kisha fumbua kiganja chenye swichi. Babu alifurahi mno, maana hatimaye palikuwa na maigizo. Siku ya zoezi alitoka akitiririkwa na machozi halisi, akamwita marehemu mama yake kwa jina, akaomba maji. Kijana mmoja mpya kikosini, mwenye majuma matatu tu kazini, akaning'iniza bunduki begani, akatoa chupa yake ya maji, akainama kumpa. Babu akafumbua kiganja. Filimbi ikapulizwa, na safu yote ya mbele ikavishwa vibao shingoni: AMEFARIKI. Sheria ilikuwa kwamba maiti haitikisiki mpaka zoezi lifungwe, kwa hiyo yule kijana alilala juani chupa ikiwa mkononi. Kila mtu alisema Babu hajawahi kuigiza vizuri namna ile, na Babu mwenyewe aliona hivyo.

Jioni kijana huyo alitumwa amrudishe gaidi nyumbani na gunia lake la nguo. Alisahau kuvua kibao. Binti wa Babu alifungua mlango, akakisoma, akasema, "Karibu ndani, marehemu." Mwaka uliofuata walioana, na Bibi, mke wa Babu, hakuchoka kuwaambia watu kwamba familia yao ilianza na matanga ikamalizia na harusi.

Mkwe aligeuka askari hodari. Akawa wa kwanza kuingia kila mlango, na mkono wake ulikuwa mwepesi kupita wa wote kikosini. Kila mwaka alimuua baba mkwe wake kwa adabu zote. Siku moja kabla alipiga simu: "Baba, kesho vaa fulana mbili, hizi risasi za rangi zinauma." Rangi ilikuwa ya kijani, nyekundu ilikatazwa kwa kuwa ilionekana inatisha. Akishamwua alimwinua, akampangusa vumbi, akamwamkia. Bibi alifua kijani kile mpaka akakichukia hata kwenye mboga.

Sasa goti la Babu lilikuwa limechoka kuanguka, na ikakubaliwa kwamba zoezi la mwaka huu litakuwa lake la mwisho. Kwa heshima hiyo, na kwa kuwa wakubwa walitaka wananchi waone, familia zilialikwa kutazama.

Hapo ndipo mjukuu alipoingia kwenye habari hii. Alikuwa na miaka saba, na nyumbani walimwita Hakimu, kwa sababu tangu ajue kusema ndiye aliyeamua nani kala kipande cha nani, na hukumu zake hazikuwa na rufaa.

"Babu, ni kweli Jumamosi utakufa?"

"Nani kakwambia?"

"Darasani. Wanasema Baba ndiye anayekuua."

"Ni mchezo tu, mjukuu wangu. Nakufa, nainuka, tunakunywa soda."

"Na usipoinuka?"

"Mbona miaka yote nimeinuka?"

Hakimu akatafakari. Alikuwa na kawaida ya kutazama ukuta akiwa anatafakari, na mshtakiwa alijua angoje.

"Mwaka huu usife," akasema. "Nyoosha mikono. Shuleni ukinyoosha mkono unasikilizwa kwanza."

Babu akacheka, lakini mtoto hakucheka, na midomo yake ilikuwa inatetemeka. Alikuwa amekufa kwa mikono ya wataalamu wa kila bara na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwomba asife.

"Nakuahidi," akasema. "Sifi."

Kesho yake alikwenda kwa Kamanda. Kamanda huyu alikuwa wa nne tangu yule wa viti vya plastiki, mtu mnene, mwenye haki, na feni iliyopiga kelele. Babu akaeleza haja yake: mwaka huu gaidi ajisalimishe.

"Haiwezekani, mzee," Kamanda akasema. "Kitabu hakina ukurasa huo."

"Cha zamani kilikuwa nao."

"Cha zamani kilikuwa na magaidi wa zamani." Kamanda akaonyesha kwa kalamu picha ya askari wanne ukutani. Haikuwa picha ya zoezi. "Huyu wa pili kutoka kushoto alimfuata mtu aliyenyoosha mikono. Tulizika kofia."

Babu alimjua yule wa pili. Alikuwa akimletea pipi kila zoezi, akisema gaidi mwenye njaa haaminiki.

"Basi anayetaka kujisalimisha kweli afanyeje?" akauliza mwishowe. "Maana na huyo yupo."

Feni ikapiga kelele zake. Kamanda alikuwa mtu wa haki, na swali la haki lilimsumbua kama kokoto ndani ya buti.

"Avue nguo za juu," akasema. "Tumbo wazi, tuone hana mkanda. Vidole avitawanye. Asimame mbali na mateka, asisogee hata hatua. Aseme kwa sauti."

"Nikifanya yote hayo?"

"Ukifanya yote hayo, tutaona. Ila vijana siwaambii, na wewe usiwaambie. Wakijua, hilo si zoezi tena, ni mwaliko wa chai."

Nyumbani Bibi alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Mwambie mkwe wako."

"Nimekatazwa."

"Umekatazwa! Wewe uliyeteka ndege!"

"Nikimwambia, itakuwa nimeigiza tu."

"Kwani siku zote ulikuwa unafanya nini?"

"Nimeigiza kufa," Babu akasema. "Nataka nione kama kubaki hai kunawezekana."

Bibi akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda kuchambua mchele. Jioni simu ikalia kama kawaida.

"Baba, kesho vaa fulana mbili."

"Kesho sivai hata moja."

Mkwe akacheka. "Haya Baba, ulale salama."

Zoezi lilifanyikia kwenye tawi la benki iliyofilisika, jengo ambalo kikosi kililipenda kwa kuwa lilikuwa na kaunta, ngazi, na kioo kikubwa mbele. Ng'ambo ya barabara palisimamishwa turubai, viti vikapangwa, familia zikakaa. Bibi alikuwa mstari wa mbele na binti yake, Hakimu katikati yao akiwa amevaa viatu vya sikukuu. Mtangazaji, askari wa trafiki mwenye sauti nzuri, alishika kile kile kipaza sauti cha zamani, kilichokwisha kurudishwa na timu ya mpira.

Gaidi wa mwaka huu, kwa mujibu wa Mtaalamu mgeni, alikuwa kijana aliyejifundisha peke yake kwenye mtandao. Kwa hiyo Babu, mzee mwenye wajukuu na goti bovu, alivaa sweta lenye kofia na vitu vya kusikilizia muziki masikioni. Mateka wake walikuwa makarani wawili wa idara ya magari. Mmoja alikuwa na hofu ya kweli, mwingine alikuwa anafuma.

"Mzee, mwaka huu tutakaa sana?" yule mfumaji akauliza.

"Sana hatukai. Najisalimisha."

"Ahaa. Basi ngoja nimalizie mstari."

Babu akasubiri mpaka aliposikia buti nje. Akavua sweta, akavua fulana, akazikunja juu ya kaunta kama mtu anayejiandaa kuoga. Akaenda katikati ya ukumbi, mbali na makarani. Kupitia kioo aliona turubai, akamwona Hakimu amepanda juu ya kiti, na akasikia Bibi akisema, "Yesu na Maria, tumbo lile," ingawa huenda alilisikia kichwani tu, kwa kuwa alimjua mkewe. Akanyoosha mikono. Akatawanya vidole.

Mlango ukapasuka kwa kishindo, moshi ukaingia, na nyuma ya moshi mtu wa kwanza, mwembamba, mwepesi, kofia ya chuma kichwani.

"Najisalimisha!" Babu akapaza sauti, ile ya kutikisa mabati. "Sina kitu! Najisalimisha!"

Moshi ukapungua. Mtu wa kwanza alisimama. Macho yao yakakutana, na Babu akayatambua, akatabasamu kidogo, kama watu wanavyotabasamu wakikutana sokoni bila kutarajia.

Risasi zikalia tatu. Mbili zilimpata kifuani, kwenye ngozi tupu, zikamchoma kama pasi. Ya tatu ilipiga katikati ya kiganja cha kulia. Babu akaanguka. Hakuigiza, mwili ulikuwa umezoea, ulijua njia ya kwenda chini bila kumwuliza mwenyewe.

Turubai likalipuka kwa makofi. "Mateka salama!" mtangazaji akatangaza. "Gaidi ameangamizwa!" Na katikati ya makofi sauti moja nyembamba ikawa inapiga kelele kutoka juu ya kiti, "Alinyoosha mikono! Babu alinyoosha mikono!" Mtangazaji akaisikia, akaipenda. "Naam!" akasema. "Hata watoto wamefurahi!"

Mkwe hakuja kumwinua. Alibaki palepale akitazama bunduki yake, kama mtu aliyeazimwa kitu na amesahau ni cha nani. Aliyemwinua Babu ni yule karani mfumaji.

Kwenye kikao cha tathmini Mtaalamu alisema muda ulikuwa mzuri sana. Kuhusu mikono, alisema ilikuwa katika mkao wa kutatanisha. Kamanda alimfuata Babu baadaye, akashika mkono wake wa kulia, akaugeuza, akaitazama rangi ya kijani katikati ya kiganja, mahali ambapo isingeweza kufika kama mkono ungekuwa umekunjwa, au umeshuka, au umeficha kitu. "Pole, mzee," akasema. Akamkabidhi saa ya ukutani, zawadi ya kustaafu, na cheti kilichokuwa na jina lake halisi, ambalo ilibidi mtu amsomee mtangazaji mara mbili.

Hakimu hakunywa soda. Alishuka kitini, akapita mbele ya baba yake kama anayepita mbele ya nguzo, akaushika mkono wa kijani wa babu yake, na jioni akasema hatarudi kwao. Binti wa Babu alibembeleza, akatishia, akarudi peke yake. Sare za shule zililetwa siku ya pili ndani ya mfuko.

Ile rangi haikutoka. Bibi alijaribu ndimu, mafuta ya taa, na waya wa kusugulia sufuria mpaka Babu akaomba Mpatanishi aletwe. Kifua kiliota manjano na zambarau. Mwenye duka alimwambia, "Gaidi, safari hii wamekuweza," Babu akacheka naye, akachukua sabuni yake, akaenda zake. Lakini ndani alikuwa na uchungu, na hakujua auelekeze wapi. Alikuwa amemwahidi mtoto kitu kimoja tu katika maisha yake kisichohusu pipi, na alikuwa amefanya kila kilichotakiwa, na alikuwa amekufa.

Mkwe alikaa kimya juma zima. Jumapili mchana akaja, bila sare, amevaa shati la kwendea harusini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa ukingoni mwa kiti. Bibi akaleta chai, akasema anawaacha wazungumze, akaenda kusimama nyuma ya pazia. Hakimu alikuwa sakafuni na daftari la hesabu. Hakuinua uso.

"Nimekuja kumchukua mtoto," Mkwe akasema.

"Mtoto huyo hapo. Muulize."

Mkwe hakuuliza. Alitazama chai yake mpaka ikaanza kuota utando.

"Baba, mimi niliona mikono."

"Kulikuwa na moshi."

"Moshi ulikuwa umepungua. Niliona mikono, nikaona vidole, nikaona huna kitu. Nikajiambia moyoni, huyu anajisalimisha. Nikaimaliza sentensi nzima." Akasukuma kikombe kando. "Ndipo nikafyatua."

Nyuma ya pazia kijiko kikaanguka.

"Uliona gaidi au uliniona mimi?" Babu akauliza.

"Nilikuona wewe. Nilikuona vile ulivyokuwa mwaka ule wa maji. Ukilia. Ukimwita marehemu mama yako." Mkwe alisema taratibu, bila lawama, na hilo ndilo lililouma. "Nililala pale juani na chupa mkononi, nikaapa sitainama tena. Niliapa kwa mchezo, Baba. Sikujua kama mkono nao umesikia."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Babu aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila hakuwa amewahi kuisikia akiwa yeye ndiye nyoka. Alitafuta la kujitetea. Alitaka kusema kwamba alikuwa anaigiza, kwamba ni mtaalamu aliyemfundisha, kwamba wote walimsifu. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa kusemwa.

"Kesho naingia zamu," Mkwe akasema. "Ya kweli. Wamepata habari za nyumba fulani, na mimi ndiye wa kwanza mlangoni. Si rangi, Baba."

"Mwambie Kamanda akubadilishe."

"Nimemwambia. Kanisikiliza vizuri. Halafu akaniuliza amweke nani, maana wote tumelelewa na wewe."

Hakimu akafunga daftari. Aliinuka, akaenda jikoni, akapita katikati ya bibi yake na pazia kama vile bibi hayupo, akarudi na ufagio wa mpini mrefu. Akasimama mbele ya baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi akamtazama usoni.

"Shika," akasema.

Mkwe akashika.

"Nenda nje. Ingia kama siku ile. Babu, wewe simama hapa kwenye mkeka."

Wakubwa wakatazamana. Hata hivyo hukumu za mahakama ile hazikuwa na rufaa. Babu akasukuma meza kando, akavua shati, maana Kamanda alisema tumbo wazi, akasimama kwenye mkeka na michubuko yake. Mkwe akatoka. Walimsikia akipumua nje ya mlango, mtu mzima na ufagio, na jirani akimwuliza kama kuna nyoka ndani.

Akaingia. Babu akanyoosha mikono, kile kiganja cha kijani kikamtazama mkwewe kama jicho.

"Najisalimisha. Sina kitu."

Kidole cha Mkwe kikajikunja kwenye mpini wa ufagio. Wote wanne walikiona, kwa kuwa Bibi alikuwa ameshaacha kujificha.

"Tena," akasema Hakimu.

Akatoka, akaingia. Kikajikunja. Tena. Kikajikunja. Jasho lilikuwa linamtoka Mkwe kuliko siku ya zoezi, na machozi yalikuwa yamechanganyika nalo bila yeye kujifuta. Babu akamfundisha maneno ya kitabu cha zamani, yale ya enzi za Mpatanishi: lala chini, hutadhurika. "Yaseme mapema," akamwambia. "Mdomo ukiwa na kazi, huenda mkono ukangoja." Chai ikapoa. Chakula cha mchana kikapoa. Mabega ya Babu yakaanza kutetemeka, akayashusha kidogo, akakaripiwa na mahakama.

Ndipo safari moja Mkwe aliingia, akayaona mabega yanayotetemeka, akaona kiganja, na mdomo wake ukafunguka. "Lala chini," akasema. "Hutadhurika." Kidole kilikuwa kimenyooka juu ya mpini kama kidole cha mtu anayeonyesha njia. Bibi akapiga vigelegele, akajikatiza mwenyewe. Babu akapiga goti lake bovu, taratibu, akalala kifudifudi kwenye mkeka wake mwenyewe, akiwa hai, na akashangaa jinsi alivyotaka kulia.

Wote wakamgeukia Hakimu. Hakimu alitazama ukuta.

"Mara moja haitoshi," akasema. "Labda amebahatisha."

"Mjukuu wangu," Babu akasema kutoka chini, "mikono imeniuma."

Hakimu akachuchumaa, akaushika ule mkono wa kijani, akaanza kumvuta ainuke.

"Inyooshe tu, Babu," akasema. "Baba bado anajifunza."